Makofi ya Brazil Katika Ukumbi wa Rugenge

Kuna watu hapa Uvira ambao mpaka leo wakiniona napita na begi la saksofoni hupiga mluzi mmoja mrefu, kisha wanaangalia pembeni kana kwamba si wao, nami naendelea kutembea kwa sababu nimestahili. Mkasa wangu nimeusikia ukisimuliwa kwa namna tatu tofauti, na katika zote tatu mimi ni mjinga, jambo ambalo silipingi, lakini hakuna hata mmoja aliyeeleza sawasawa ujinga wenyewe ulivyofanya kazi, na mimi ni mtu asiyevumilia jambo la kiufundi kuelezwa vibaya. Basi bora niwaeleze mwenyewe.

Kazi yangu ni kutengeneza redio na amplifaya pale Rugenge. Sikusomea, nilijifunza kwa kufungua na kufunga. Saksofoni nayo nilijifunza hivyo hivyo: ilikuwa imelala katika stoo ya parokia tangu wapigaji wa fanfare, ile bendi ya tarumbeta ya kanisa, walipozeeka, nikaiomba, nikaibadilishia pedi za kuziba matundu yake kwa ngozi ya mbuzi, nikajifunza kwa kitabu kimoja cha Kifaransa ambacho kurasa zake za mwisho zimechanika (kwa hiyo sura ya kumi na moja siijui, na sidanganyi mtu kwamba naijua).

Kisha siku moja mteja akaniletea redio ya CD iliyokataa kufunguka. Nikaifungua, ndani nikakuta CD, na mwenyewe akasema, "Ah, baki nayo tu, minye hata sijui ilitoka wapi." Ilikuwa albamu ya jazi ya Kilatini iliyorekodiwa mbele ya watu, katika ukumbi fulani huko Brazil. Kulikuwa na saksofoni, gitaa, ngoma ambayo haipigwi bali inapapaswa, na mwanamke anayeimba bosanova kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mtoto aliyesinzia. Ndugu zangu, sijui niwaambieje. Mimi nilikulia kwenye gitaa za rumba zinazokuvuta shati utoke kwenye kiti, na hawa watu walikuwa wakifanya kinyume kabisa, wanakukalisha, wanakuambia pole pole, hakuna anayekufukuza. Siku ya kwanza niliisikiliza mara nne mfululizo na wateja wakanisubiri nje.

Kwa miaka mitatu niliisoma albamu ile kama mtu anayesomea diploma. Nilinunua daftari la miraba, nikaandika kila noti ya saksofoni, na kwa kuwa mimi nikianza jambo silikatizi, niliandika pia makofi. Wimbo wa kwanza, makofi sekunde kumi na moja, na katika sekunde ya sita mtu mmoja anapiga mluzi mrefu. Wimbo wa pili, sekunde kumi na tisa. Nilikuwa na ukurasa mzima wa makofi. (Mke wangu aliuona ukurasa huo akaniuliza kama niko mzima.)

Mke wangu ni Mama Neema. Ananunua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, pale Kalundu, anaanika, anauza, na Jumapili ndiye soloisti wa kwaya yetu. Siku moja, mimi nikiwa nafanya mazoezi, nikasikia kutoka uani mtu anaimba ule wimbo wa tatu wa Brazil, sauti ile ile ya chini, lakini kwa Kiswahili. Alikuwa anageuza ndagala kwenye chandarua na maneno aliyatunga pale pale:

*Mwezi umetoka, weka taa chini,*
*leo ndagala hawaji, baki nyumbani.*

Mnajua wavuvi wetu: mwezi ukiwa mkubwa taa za mitumbwi hazina kazi, samaki hawafuati, na mwanamume anapata siku chache za kukaa na mke wake. Niliacha saksofoni ikining'inia shingoni, nikatoka nje, nikamwambia, "Mama Neema, tunarekodi albamu. Mbele ya watu. Kama wale."

Alikataa miezi miwili. Kuimba kanisani ni kitu kimoja, alisema, pale muntu anakuja kumuona Mungu, hakuji kukuona weye. Nikaleta watu wa kunisaidia: Pascal, mkulima wa mpunga wa Sange anayepiga gitaa kwa vidole laini ajabu kwa mtu mwenye mikono kama ile, na ndugu yake wa kupapasa ngoma. Tukafanya mazoezi uani, majirani wakaja kusikiliza, na hapo ndipo tatizo lilipoanza.

Hawakupiga makofi. Walikaa, mikono chini ya kidevu, kimya kabisa, na wimbo ulipokwisha wakaendelea kukaa kimya, halafu mzee mmoja akasema, "Amina." Sisi hapa muziki tukiupenda tunainuka, tunacheza, tunamfuata mwimbaji mpaka alipo. Muziki wa kukalisha watu tunaujua mmoja tu, na huo ni wa kanisani au wa msibani. Nikawaza kwa utaratibu wangu: albamu ya mbele ya watu isiyo na makofi, nani ataamini kwamba watu walikuwapo? Usiku ule nikamgusia mke wangu kwamba pengine tungeongeza makofi kidogo, kwa mashine.

Aliweka kijiko chini. "Baba Neema, nitaimba. Lakini sitaki michezo. Muntu akipenda apige makofi, asipopenda akae. Sauti yangu njo kitu moja tu iko yangu. Usiichanganye na uongo."

Nikasema sawa. Nilisema sawa, mnanisikia? Na kesho yake nikaenda dukani kwangu nikaanza kutengeneza kisanduku.

Nitaeleza kisanduku, maana hapa ndipo wasimulizi wanakosea. Nilichukua ile bodi ndogo ya kusoma flashi, ile iliyomo katika kila redio ya siku hizi, nikaiunganisha kwenye spika za ukumbi wa Rugenge ambamo tungerekodi, nikaificha nyuma ya spika ya kushoto. Nikavuta waya mwembamba mpaka kwenye kitufe kilichokuwa chini ya mkeka ambao ningesimama juu yake. Ukikanyaga, inaruka kwenye faili linalofuata. Kila faili lilikuwa na makofi ya wimbo mmoja kisha ukimya wa dakika kumi, nami nilipaswa kukanyaga noti ya mwisho ikiwa inazimika, kama kwenye albamu, ili makofi yaanze juu ya pumzi ya mwisho ya mwimbaji. Kazi safi. Kosa moja tu: katika flashi ile ile, mwanzoni kabisa, niliiacha albamu nzima ya Brazil, nyimbo tisa, kwa sababu nilikuwa nimeinakili kwanza na sikuona haja ya kuifuta. Kabla ya onyesho nilizipita kwa mkono, nikaisimamisha bodi mwisho wa wimbo wa tisa, isubiri kuruka kwenye makofi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri. Ukumbi ulijaa! Wanakwaya mbele, wauza samaki wa Kalundu safu ya tatu na vitenge vyao vya sikukuu, watu wa Sange waliokuja kumuona Pascal, na milangoni wengine wamesimama. Dunia, mtu wa sauti, aliweka mashine yake ya kurekodi katikati, ile ndogo ya betri, akaniinulia kidole. Mama Neema, amevaa kitenge cha kijani, akafungua mdomo.

Jamani, wimbo ule wa kwanza! Nimepiga saksofoni miaka mingi na sijawahi kuisikia ikitoka vile, kila noti niliyoiandika kwenye miraba ilitoka bila mimi kuifikiria, Mama Neema akishuka nami nashuka, akingoja nami nangoja, gitaa la Pascal linatembea chini yetu kama maji. Noti ya mwisho ikaanza kuzimika. Nikakanyaga. Makofi! Sekunde kumi na moja, na mluzi katika ya sita! Watu wakageuka kutazama nyuma nani anapiga, wale wa nyuma wakatazama wa mbele, kisha kila mtu akaona aibu kubaki nyuma akaanza kupiga pia. Ilifanya kazi! Mke wangu alinitazama macho yakiwa yamejaa maji, akidhani ni watu wa Uvira. Na mimi nikatabasamu. Hilo tabasamu ndilo linaloniuma kuliko yote yaliyofuata.

Wimbo wa pili, bora zaidi kuliko wa kwanza. Nikakanyaga. Sekunde kumi na tisa. Mama Neema akainama kuwashukuru.

Wimbo wa tatu ulikuwa ule wa mwezi. Tulikuwa katikati, naye amesema "weka taa chini", taa zikazimika kweli. Umeme ukakatika. Ukumbi ukacheka, hakuna aliyeshangaa, mtu akapiga kelele, "Mama amesema, taa zimetii!" Tukasimama kungoja jenereta. Mama Neema akachukua chupa ya maji, Pascal akaanza kukaza nyuzi, na mimi, kwa kuwa saksofoni ilikuwa imejaa mate (huu ni ukweli wa chombo hiki, msione kinyaa), nikachomoa kipande cha mdomoni nikawa nakikung'uta.

Sasa sikilizeni. Bodi hizi zina tabia moja. Umeme ukikatika ukarudi, hazikumbuki zilikuwa wapi. Zinaanza zenyewe, mwanzo kabisa wa flashi. Kila mteja anayechukua redio yake kwangu namwambia hivyo, miaka yote namwambia: umeme ukirudi itaanza yenyewe, usishtuke. Namwambia na kidole juu.

Jenereta likaunguruma. Taa zikawaka. Na ukumbi mzima ukajaa saksofoni.

Tamu. Pana. Ya Brazil. Mimi nimesimama mbele ya watu wote na saksofoni vipande viwili, kimoja mkono huu na kingine mkono huu, nayo inalia! Kisha mwanamke akaanza kuimba, sauti ya chini, laini, na Mama Neema wakati huo chupa iko mdomoni, anameza.

Kisha mwanamume mmoja karibu na mlango, simjui mpaka leo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja saa, "Plebaki."

Mnajua neno hilo kwetu. Mwanamuziki anayefungua mdomo huku mashine ndiyo inaimba, huyo hapa hasamehewi, bora uimbe vibaya. Likaruka kutoka safu hadi safu. "Plebaki! Kumbe yote ilikuwa plebaki!" "Saksofoni iko vipande mbili na iko inalia, ni ya kichawi?" "Baba, unganisha kwanza, halafu utudanganye!"

Nikafanya nini? Nikakanyaga kitufe ili kuinyamazisha. Lakini kitufe changu hakikuwa na kunyamazisha, kilikuwa na kuruka tu. Wimbo wa pili wa Brazil ukaanza. Nikakanyaga tena, wa tatu. Nikakanyaga, nikakanyaga, na kwa kuwa mguu wangu ulikuwa unaruka juu ya mkeka kama mtu aliyekanyaga siafu, watu wa mbele wakainuka kutazama kuna nini pale chini. Baada ya wimbo wa tisa ikatulia kwenye faili la kumi. Makofi. Sekunde kumi na moja, yakimpongeza nani sijui, na katika sekunde ya sita, mluzi.

"Eh!" Huyo alikuwa Mama Riziki, muuza samaki, jirani wa mke wangu wa meza kule Kalundu, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali. Alikuwa amesimama. "Ile mluzi! Ile mluzi nilisikia pale mwanzo! Nikajiuliza, nani huyu anapiga mluzi namna hii, nikafikiri ni bantu ba Bujumbura! Kumbe hata makofi iko ndani ya mashine!"

Wakacheka mpaka viti vikasogea. Ningevumilia kicheko. Lakini yule wa mlangoni akaongeza, "Basi hata kule kanisani anaimbaga flashi!" na kicheko kikapungua, nikaona wanakwaya wa safu ya mbele wakiangaliana, nikaelewa nilichofanya. Mimi nilikuwa nimeiba makofi. Wao walikuwa wanamnyang'anya mke wangu sauti yake, ya leo na ya miaka yote.

Mama Neema aliweka chupa chini. Akaja akainua kona ya mkeka kwa ncha ya kiatu, akaona kitufe, akaufuata waya kwa macho mpaka nyuma ya spika.

"Ni weye?"

"Ni mimi."

"Sema kwa ile maikro. Basikie bote."

Nikasema. Nilieleza kwamba saksofoni na sauti zilikuwa zetu, makofi tu ndiyo yalikuwa ya Brazil, nikaanza kueleza na bodi inavyosoma faili, na Pascal nyuma yangu akaninong'oneza, "Baba Neema, inatosha." Watu hawakuniamini. Kwa nini waniamini? Wengine walikuwa wamekwisha kuanza kutoka.

Ndipo mke wangu akamgeukia Dunia akamwambia azime vyote. Spika, maikro, vyote. Akashuka jukwaani. Akapita kati ya viti, kitenge cha kijani kikigusa magoti ya watu, na akaanza upya ule wimbo wa mwezi, bila chombo, kwa sauti ile ile ya chini, hivi kwamba ukitaka kusikia inabidi ufunge mdomo wako. Waliokuwa mlangoni wakasimama. Akafika safu ya tatu, na Mama Riziki akamzuia njia.

"Ngoja kwanza, mwenzangu. Usiache, imba tu." Akaweka kiganja chake kwenye koo la mke wangu, mkono mzima, kama unavyompima mtoto homa. Mama Neema aliendelea kuimba na mkono ule shingoni. Nilihesabu, siwezi kuacha kuhesabu: mistari miwili. Kisha Mama Riziki akaugeukia ukumbi na kuita mtumbwi wake.

"Iko humu! Iko humu ndani, inatetemeka! Muje mushike!"

Wakaja! Wanawake wa Kalundu wote, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anagusa koo, anapiga vigelegele, anampisha mwenzake, na yeye anaimba tu, sasa huku anacheka. Kisha mtu akasema, na huyu wa saksofoni je? Nikaunganisha vipande vyangu mbele yao haraka haraka, nikashuka, nikapiga, na Pascal akalishusha gitaa akatufuata. Mzee mmoja wa Sange akavua kofia yake akazibia nayo ule mdomo mpana wa saksofoni, sauti ikawa ya kifua kama ng'ombe mwenye mafua, akaitoa ikafunguka, akaiziba tena. "Ni yake!" akatangaza. "Nimehakikisha!" Na alihakikisha wimbo mzima, mara kumi na nne, sikuwa na namna.

Kutoka hapo hakukuwa tena na bosanova ya kukalisha watu. Tulipiga nyimbo tano pale chini kati ya viti, watu wametuzunguka, wanapiga makofi katikati ya mistari, wanaitikia, wanacheza taratibu na mabega tu kwa sababu nafasi haikuwapo. Nilikosea noti nyingi, nilitokwa jasho mpaka kwenye pedi za ngozi, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuiandika kwenye miraba.

Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Mke wangu hakuninunia, alijifanya mteja wangu. Kwa siku nne aliniita fundi. "Fundi, chakula iko mezani." "Fundi, lala salama." Siku ya tano Dunia akaleta rekodi yote, maana mashine yake ya betri haikuzimika hata dakika moja, tukakaa wawili tukaisikiliza kwenye kompyuta yangu ya dukani. Nyimbo saba. Mbili za kwanza, ndugu zangu, zilikuwa kitu ambacho sikujua kinaweza kutoka katika nyumba yetu. Hata yeye alifumba macho. Kisha yakaja makofi, akafumbua macho.

"Hizi mbili futa."

Nikajaribu kueleza. Nikasema labda tunaweza kuondoa makofi peke yake. Lakini nilipojaribu ikashindikana, na mimi ndiye niliyejua zaidi kwa nini: yalikuwa yamelala juu ya pumzi yake ya mwisho, kama nilivyopanga, na ukiyakata unamkata na yeye. Nikasema basi tuziache humo hivyo hivyo, ni nyimbo mbili tu zenye dosari ndogo, nani atajua.

"Minye nitajua. Bale bantu ba Brazil hawakunisikia, Baba Neema. Bako wanapigia mwanamuke mwingine makofi, na weye umebaweka juu yangu."

Alikuwa ameniita Baba Neema. Nikatambua kwamba naweza kubaki na jina hilo au na nyimbo zile. Akasimama nyuma ya kiti changu, mkono begani kwangu, hakuharakisha. Nikachagua ya kwanza, nikafuta. Nikachagua ya pili. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika.

Nimeapa, na kiapo hiki nakiweka hapa mkishuhudia: watu nitakaowapigia wakinyamaza, nitawaacha wanyamaze, hata wakinyamaza mwaka. Albamu yetu ina nyimbo tano, zina kelele na kikohozi, na watu wanazipenda. Zile mbili nimejaribu kuzipiga tena mara nyingi, na daftari mbele yangu. Noti zote zipo, hakuna hata moja iliyokosewa, na Mama Neema anapopita na sinia lake la ndagala husimama mlangoni, anasikiliza mpaka mwisho, kisha anatikisa kichwa kwa upole na kuniambia, "Bado."